Flashi moja haitoshi

Bwana Mhariri, salamu. Hapa Birere kwenye sekretaria (duka la kuchapa na kuprinti) watu wanaleta memwari nzima, ile kazi ya kumaliza chuo, kwenye flashi moja, tena iko na virusi, na kopi ingine hakuna, umeme ukikatika katikati ni kilio. Jamani Windows 10 iko na bakapu (kopi ya akiba) ndani, inaitwa Historique des fichiers, unachomeka diski ya nje unaiwasha, inakopi fishie (faili) za kwako kisha inafata tu zile zimebadilika, hata ya jana unairudisha. Ila diski isilale pembeni ya ordinatere (kompyuta), mwizi anabeba vyote, na Mei 2021 volkano Nyiragongo ilipolipuka wengi walikimbia Sake na nguo tu. Kopi moja ikae kwa shangazi Bukavu. Na mujaribu kurudisha fishie mapema, si siku profesa anaingoja.

Musomaji, Goma