Barua ya wazi kwa Inspekta Jenerali wa Polisi wa Kenya: msingoje mpaka kuwe na alama

Mheshimiwa Inspekta Jenerali, salamu.

Mwanamke akienda kuripoti bwanake, mara nyingi swali la kwanza ni hili: "Amekupiga? Alama iko wapi?" Kama hakuna damu wala jicho kuvimba anaambiwa hayo ni mambo ya nyumbani, rudini mkaongee, ama waite wazee.

Kuna mama jirani yetu, bwanake alimpiga mara moja tu, kitambo, lakini alimpiga vibaya sana. Tangu hapo hajamgusa tena, hana haja. Kitambulisho cha mama anakaa nacho yeye, pini ya M-Pesa anaijua yeye, mama akitoka sokoni simu inakaguliwa ameongea na nani, dadake siku hizi hakanyagi pale, na akijaribu kubisha jamaa anamwangalia tu anamuuliza "umesahau ile siku?" basi mama ananyamaza. Sasa huyu ukimuuliza alipigwa lini atakwambia zamani, na afande ataona hakuna kesi hapo, kumbe kile kipigo cha zamani kinafanya kazi kila siku mpaka leo!

Hapo ndipo naomba unisikize mheshimiwa. Watu wanaona vitisho ni jambo dogo, kupiga ndio jambo lenyewe. Mimi naona ni jambo moja. Kitisho kinaogopwa kwa sababu mama anajua kabisa huyo mtu anaweza kupiga, na siku kitisho kitashindwa, siku mama atafunga nguo zake aende kwao, ngumi zitarudi, pengine na panga. Wakati wa kuondoka ndio wakati wa hatari zaidi na nyinyi polisi mnajua kuliko mimi, maiti mnazibeba nyinyi.

Na sheria iko, hatungoji Bunge. Sheria ya Kulinda Watu Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 inataja kutishwa, kufuatwafuatwa, kuumizwa kiakili, dhuluma ya pesa, kunyimwa matumizi ya vitu vya nyumba unayoishi, zote zimewekwa pamoja na kupigwa. Inampa mtu haki ya kuripoti kwa askari mwanamke ama mwanamume, vile anavyotaka mwenyewe, na askari anatakiwa amweleze msaada gani upo. Katiba nayo kifungu cha 29 inakataza ukatili wa aina yoyote, hata kama anayefanya ni mtu wa nyumbani kwako. England na Wales mwaka huohuo wa 2015 walifanya kumtawala mwenzako kwa vitisho kuwa kosa la jinai, mpaka miaka 5 jela, hata kama hujamgusa.

Tarehe 27 Januari 2024 tulijaa barabarani kulilia wanawake waliouawa. Naomba tusingoje mpaka tutoke tena kwa ajili ya huyu jirani yangu.

Mheshimiwa, toa amri iende mpaka kwa kila OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi: mtu akisema anatishwa nyumbani iandikwe kwa OB, kile kitabu cha ripoti cha kituo, vile alivyosema, apewe namba ya hiyo ripoti, aelezwe vile anaweza kupata oda ya ulinzi kortini, na asiambiwe arudi na alama. Na kama amri kama hiyo ishatoka, ibandikwe pale kaunta, kwa Kiswahili, mama aweze kuisoma kabla hajaulizwa chochote.