Buluu kwenye msonobari haimaanishi gogo limeoza

Kila dhoruba ikishapita, swali tunaloulizwa sisi wapasua mbao ni lile lile. Mteja amepasua msonobari ulioangushwa na upepo, akakuta mbao zina michirizi ya buluu na kijivu, anauliza kama zote ni kuni sasa. Mara nyingi si kuni.

Buluu ile ni kuvu kweli. Huingia na mbawakawa wanaotoboa gome la mti uliodhoofika, wakiwa wamebeba mbegu zake mwilini, na hali ya hewa ikiwa na joto wiki chache tu zinatosha kulijaza gogo. Tazama kichwa cha gogo: doa limekaa kama kabari, pana upande wa gome, limechongoka kuelekea katikati, kisha linakomea kwenye kiini, yaani mti mkavu wa katikati. Kuvu hii inatafuta sukari na wanga uliobaki kwenye ule mti mweupe wa nje. Kuta za nyuzi zinazobeba uzito karibu inaziacha. Mbao kama hizo tunazipasua kwa dari, makabati na masanduku bila wasiwasi. Ila zinanyonya rangi kupita kiasi, tena si kwa usawa, kwa hiyo fundi wako azipake ya msingi kwanza.

Tunachokiogopa ni kinachofuata. Kuvu za kuozesha nazo ziko njiani, na mojawapo, Phlebiopsis gigantea, huwahi sana kwenye msonobari mbichi. (Wenye misitu huipaka kwa makusudi kwenye visiki ili izuie kuvu mbaya zaidi inayoozesha mizizi. Kwenye gogo la kupasua hatuitaki kabisa.) Nyingine, kama Gloeophyllum sepiarium, hula selulosi (nyuzi zinazoupa mti nguvu) na kuacha lignini (gundi inayozishika nyuzi hizo), hadi mti unageuka kahawia, unapasuka vipande vya mraba na kusagika kwa vidole. Ubaya wake ni kwamba nguvu huondoka mapema, kabla jicho halijaona kitu.

Ndiyo maana tunatumia bisibisi. Chomeka ncha yake kwenye mbao kwa mshazari, kisha inua. Mti mzima hutoa kibanzi kirefu chenye nyuzi, na unausikia ukilalamika. Ulioanza kuoza hukatika mfupi, kimya, kama biskuti.

Kuhusu muda: msonobari uliong'oka huku sehemu ya mizizi ingali ardhini huendelea kunywa maji, kwa hiyo huvumilia kuliko uliovunjika katikati. Kuvu inahitaji maji na hewa kwa pamoja. Baada ya dhoruba ya Gudrun ya 2005 iliyoangusha takriban mita za ujazo milioni 75 za miti, Waswidi walirundika magogo na kuyanyunyizia maji mfululizo, yalowe hadi hewa ikose nafasi. Wewe huna mitambo hiyo, basi nenda upande wa pili: pasua mapema, panga mbao juu ya vipande vinavyopitisha hewa, zishuke chini ya asilimia 20 ya unyevu. Hapo kuvu husimama. Lakini mti uliong'oka usiukate mwenyewe; kisiki chake kinaweza kurudi shimoni kwa kishindo.

Ukitupigia, tuambie mti ulianguka lini, ulivunjika au uling'oka, na utume picha ya kichwa cha gogo kilichokatwa upya. Na usituombe kenchi kutoka kwenye mti wa kahawia kwa sababu tu tuna tanuri la kukaushia mbao. Joto la tanuri linaua kuvu, halirudishi ilichokwisha kula.