Mheshimiwa Mkurugenzi, Kisome Kile Kiambatisho: Barua ya Wazi Kuhusu Shahada Yangu ya Kirusi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Shikamoo.

Naanza na salamu kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na kwa sababu siku tulipoonana ulinipokea vizuri. Lakini sitakuficha: naandika nikiwa na hasira. Jumanne ya wiki iliyopita nilifika ofisini kwako kwa mara ya saba, kufuatilia utambuzi wa shahada yangu ya Kirusi niliyoisomea Urusi, nimetoka Tanga kwa basi la alfajiri. Afisa wa dirishani akafungua jalada langu, akapekua, akaniuliza mbele ya watu: "Kirusi si kila anayekwenda Urusi anakisoma? Sasa shahada yenyewe iko wapi?"

Shahada yenyewe alikuwa ameishika mkononi.

Naomba nieleze hapa, hadharani, jambo ambalo dirishani nimelieleza mara saba. Mtanzania anayekwenda Urusi kusomea udaktari au uhandisi kwa Kirusi huanza na mwaka mmoja wa maandalizi, wenyewe tunauita podfaki. Humo anafundishwa herufi 33, anafundishwa kuuliza bei ya mkate, kisha maneno ya fani yake, afike kiwango cha B1, yaani ujuzi wa kati wa lugha, ili Septemba inayofuata aweze kukaa darasani na Warusi. Hicho ndicho Kirusi anachokijua afisa wako. Nami nilikipitia, katika mji wa Voronezh, kuanzia 2019 hadi 2020, na miezi ya mwisho niliimalizia kwenye kioo cha simu kwa sababu ya korona. Wenzangu walipotoka podfaki, Kirusi kikawa chombo chao cha kusomea mambo mengine. Kwangu ndipo kilipoanza kuwa somo.

Nimekisoma miaka minne, Mheshimiwa. Krediti 240, kila krediti saa 36.

Hapa nyumbani Kiswahili tunakisema sote, tangu sokoni hadi bungeni. Mbona basi vyuo vyetu vinatoa shahada ya Kiswahili, na ofisi yako inaitambua bila maswali? Ni kwa sababu mwenye kukisema anajua tu kwamba ni kitabu changu, si kitabu wangu. Aliyekisomea anazijua ngeli na historia yake, anaijua arudhi, anazijua lahaja za Kiamu na Kimvita zilizobeba mashairi yetu ya kale. Mimi Kirusi nimekisomea hivyo hivyo. Nimesoma Kislavoni cha Kale cha Kanisa, ambacho leo hakuna anayekizungumza nyumbani kwake, ili nielewe maneno mengi ya Kirusi cha sasa yametoka wapi. Nimesoma nomino inavyobadilika umbo katika hali sita kwa kufuata kazi yake kwenye sentensi. Kuhusu vitenzi vya mwendo peke yake tulikaa muhula mzima. Sisi tuna "kwenda" moja na inatutosha. Mrusi hutaka kwanza ujue: unakwenda kwa miguu au kwa chombo? Unaelekea huko sasa hivi, au ni kwenda na kurudi? Idti, khodit, yekhat, yezdit. Hapo Mwafrika, Mchina na Mwarabu wote hutokwa jasho. Lakini upatanisho wa jinsia tatu za nomino haukunisumbua hata kidogo, maana aliyekulia kwenye ngeli haogopi tatu.

Na fasihi je? Voronezh ndiko alikozaliwa Ivan Bunin mwaka 1870, Mrusi wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya fasihi, mwaka 1933. Ndiko alikozaliwa mwandishi Andrei Platonov, mtoto wa fundi wa reli. Ndiko mshairi Osip Mandelstam alikoishi uhamishoni kuanzia 1934 hadi 1937, akijaza madaftari ya mashairi. Sanamu yake iko kwenye bustani ya Orlyonok, na mara ya kwanza mwalimu wetu alipotupeleka pale, theluji ikiwa imefika magotini, alitusomea shairi zima bila karatasi. Akaja mzee mmoja mpita njia, akasimama, akalimalizia yeye. Siku hiyo nilimkumbuka marehemu babu, aliyekuwa akighani tenzi barazani kwa kichwa. Nikajua nimefika mahali panapofanana na kwetu.

Tasnifu yangu niliiandika juu ya Pushkin, mshairi mkuu wa Warusi. Babu wa mama yake, Abram Gannibal, alikuwa Mwafrika aliyefikishwa kwenye jumba la Peter Mkuu, mfalme wa Urusi, akiwa bado mtoto. Wengi wakisikia hayo hudhani ndiyo yaliyonivuta. Mimi kilichonivuta ni mizani. Beti za riwaya yake ndefu ya kishairi zina mistari 14, na kila mstari una silabi 8 au 9. Utenzi wetu una mizani 8. Nilitumia majira mawili ya baridi kutafuta kama mstari wa Mrusi, unaotembea kwa mkazo wa sauti, unaweza kukaa ndani ya kipimo chetu kinachohesabu silabi tu. Nilitetea tasnifu hiyo kwa Kirusi, mbele ya jopo la maprofesa, nikapata 5.

Hiyo 5, Mheshimiwa, ndiyo afisa wako aliyoiwekea kidole na kusema nimepata tano kwa mia. Kwao 5 ndiyo alama ya juu kabisa. Aliyepata 2 ameanguka. Kwenye kiambatisho, ile orodha ya masomo na alama inayofuatana na shahada, kuna kozi zisizowekewa namba, zimeandikwa "zachteno", maana yake mwanafunzi amefaulu. Afisa akaniambia kozi hizo hazina matokeo. Akakuta saa 328 za mazoezi ya viungo, akaniuliza kama nilikwenda kusomea michezo. Saa hizo 328 zimo pia kwenye viambatisho vya wahandisi ambao ofisi yako imeshawatambua. Nawafahamu, tulipanda ndege moja kurudi.

Tafsiri ya Kiingereza ipo, ina mhuri wa mthibitishaji. Mara ya tatu nikaambiwa haitoshi. Mara ya tano nikaambiwa inatosha ila jalada halionekani. Ada nimelipa mara mbili kwa namba mbili za malipo, na stakabadhi zote ninazo.

Mheshimiwa, Oktoba ya mwaka jana ulikaa na sisi wahitimu wa nje katika ukumbi wa ofisi yako. Ulisema, na niliyaandika maneno yako kwenye daftari: "Ndani ya siku 30 za kazi kila mmoja atakuwa na jibu lake mkononi." Maombi yangu niliyaleta Septemba 2024. Leo ni mwezi wa 14.

Nimejaribu kuelewa kinachokwama. Labda hakuna ofisini anayesoma Kirusi, na kuna aibu kulisema hilo. Labda mtu anaogopa kugusa karatasi ya Urusi tangu vita vianze. Labda neno "filolojia", yaani taaluma ya lugha na fasihi, limekosa kisanduku kwenye mfumo wenu, na kompyuta inalirudisha kila likiingizwa. Sijui ni lipi kati ya hayo. Lolote liwe, mimi sikulisababisha.

Nilichokilipia nakijua. Mjomba aliuza pikipiki yake, iliyokuwa ndiyo kazi yake, nikapata nauli ya ndege. Februari 2022 uwanja wa ndege wa Voronezh ulifungwa, ikabidi hata safari ya nyumbani ianze kwa treni ya kwenda Moscow. Machi benki zikakatika na kadi za nje zikafa. Mama alikuwa akitafuta familia ya Mtanzania mwenzangu aliyeko kule, anawatumia shilingi kwa simu, na mtoto wao ananipa mimi rubli mkononi. Kuna mwezi hakumpata mtu. Nilikula buckwheat, nafaka wanayoipika kule, na chai siku 19, nikaenda darasani kila siku, kwa sababu nilijua mwisho wake ni kile cheti cha jalada la bluu ambacho sasa kimelala kwenye rafu yako.

Mwaka huu chuo kimoja kilinipa nafasi ya kuwafundisha Kirusi vijana wa utalii. Warusi wanakuja Zanzibar, na vijana wetu wanawapokea kwa Kiingereza ambacho wageni wengi wao hawakijui. Chuo kilitaka kitu kimoja tu, barua yako ya utambuzi, kabla ya tarehe 30 Septemba. Nilikuja Agosti, nikaja tena Septemba mara mbili. Barua haikutoka. Kozi ikafutwa, na vijana waliokuwa wamejiandikisha wakahamishiwa Kifaransa. Mmoja wao bado ananitumia ujumbe akiuliza herufi hii inatamkwaje. Namjibu.

Nilikuwa nimekusudia kukuomba mengi: urudishe ada niliyotozwa mara ya pili, umwonye afisa, utafute mtu anayesoma Kirusi. Yote hayo yanaweza kusubiri. Naomba jambo moja. Lichukue jalada langu wewe mwenyewe, fungua kiambatisho cha masomo, kisome ukurasa kwa ukurasa. Kama kuna neno halieleweki, niite. Nitapanda basi la alfajiri nije kukufafanulia, sitadai nauli. Ukishakisoma, nipe barua. Ikiwa ni ya kunikubali, nipe. Ikiwa ni ya kunikataa, nipe pia, yenye sababu na sahihi yako, nijue pa kwenda kukata rufaa. Nisichoweza tena ni kurudi Tanga mikono mitupu, mama ananisubiri barazani, haulizi kitu, anatazama tu mkoba wangu.

Barua, Mheshimiwa. Naomba barua.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhitimu wa lugha na fasihi ya Kirusi,
Tanga