Nafasi ya Shangazi haikuuzwa

Boise, Idaho, Marekani

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Salamu zenu zimefika, na fedha za mabati ya nyumba ya Shangazi nimekwisha kuzituma. Mimi na watoto hatujambo, kazi zinaendelea. Lililonifanya niandike ni neno ulilonieleza, kwamba Shangazi amerudia kusema arusini, mbele ya watu wa Chogo nzima huko Handeni, Tanzania, kuwa marehemu Baba aliuza nafasi yao ya kuja Marekani. Baba hayupo tena wa kujijibia, na mimi sitakubali jina lake lichafuliwe nikiwa hai.

Wewe unajua kwamba mlipoondoka kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, na Shangazi kwenda makazi ya wakimbizi ya Mkuyu, Tanzania, sisi tulibaki kwa sababu Bibi alikuwa mgonjwa. Orodha ya majina yetu Wabantu wa Somalia iliandikwa pale Dadaab mwaka 1997, wakati ilipodhaniwa kwamba Msumbiji itatupokea. Msumbiji iliposhindwa, na Marekani ikakubali mwaka 1999, orodha hiyohiyo ndiyo iliyotegemewa. Mtu aliyekuwa Mkuyu angeandikwaje Dadaab? Nafasi ambayo haikuwapo, Baba angeiuza vipi?

Siwezi kukataa kwamba wapo waliouza. Yupo mtu aliyekuja hemani kwetu usiku na bulungutu la shilingi za Kenya, akimtaka Baba aingize vijana wake wawili kwenye kadi yetu ya chakula kana kwamba ni wanawe. Baba hakumkaribisha hata kuketi. Kadi ile aliifunga katika karatasi ya nailoni, akaikunja ndani ya pindo la kikoi, na tangu siku hiyo alilala nayo kiunoni hadi mwaka 2002 tulipopakiwa kwenye mabasi kwenda kambi ya Kakuma, hukohuko Kenya, kwa usaili wa kwenda Marekani. Huko tulihojiwa mmoja mmoja, mama mbali na watoto, maswali yaleyale, na jamaa ambazo majibu yao hayakulingana zilirudishwa nyuma. Sisi tulipita kwa sababu hapakuwa na mgeni kati yetu. Kadi hiyo ninayo, imechakaa lakini idadi ya watu inasomeka, nami nitawatumia picha yake ili Shangazi aione kwa macho yake.

Mwambie pia kwamba uzao wa kaka yake haukupotea. Binti yangu mkubwa amehitimu uuguzi mwezi Mei, wa kwanza katika ukoo wetu wote kuvaa joho, na nyumba tunayokaa nimeinunua kwa jina langu. Nyuma yake nimepanda mahindi meupe na kunde. Mahindi yanastawi vizuri, ila baridi huwahi kuja, na nikiyavuna mapema hivyo huwakumbuka ninyi, mnaolima mpaka mvua iamue.

Kuna jambo ambalo Shangazi halioni, nami linaniuma zaidi ya tuhuma zake. Wazee wetu walitolewa Uzigua kwa njaa, wakauzwa utumwani Barawa, pwani ya Somalia, wakatoroka kwenda kwenye misitu ya Mto Juba, na vizazi vyote vilivyozaliwa huko vililishika jina la Handeni. Ninyi ndio mliorudi. Serikali ya Tanzania iliwapa ardhi Chogo, ikawapa na uraia, na leo mnazika wafu wenu katika nchi ya mababu. Baba tumemzika hapa, chini ya theluji, na alipokaribia kufa alikuwa akiuliza kwa Kizigua kama mvua za Handeni zimeanza. Shangazi ananionea wivu mimi, hali mimi ndiye ninayemwonea wivu yeye.

Naomba barua hii isomwe mbele ya wazee, Shangazi akiwapo, naye apewe nafasi ya kujibu. Akitaka kunipigia simu nitapokea kwa heshima, kwa kuwa yeye ni baba yangu wa kike. Mabati yanunuliwe ya geji 28, msikubali kuuziwa ya 30, na fundi alipwe akimaliza kazi.

Wasalaam,
Mwanao