Barua kwa Doto kuhusu simu za wateja na bei ya gesi

Leicester, Uingereza

Mdogo wangu Doto,

Kabla hujaendelea kusoma, mfikishie Mama shikamoo yangu na umwambie kwamba afya ninayo na kazi ipo. Baridi nimeizoea.

Ujumbe wako wa kuomba fedha za gesi ya friji, ili ushushe bei ya matengenezo ilingane na ya yule fundi wa Igoma, nimeusoma na kuurudia. Baba Mdogo naye amenipigia akidai kwamba nimewasahau, maneno ambayo yameniumiza, kwa kuwa anajua vizuri ni nani anayelipa karo ya wanawe. Hilo nitalizungumza naye mwenyewe. Fedha za kushindania bei sitatuma.

Wewe ni fundi na unajua kwamba gesi ya friji haiishi kwa kutumika kama mafuta ya pikipiki. Ikipungua, ipo sehemu inayovuja. Mwenzako anaongeza gesi bila kutafuta tobo, bila kubadilisha filta na bila kunyonya hewa na unyevu kwenye mabomba, ndiyo maana anaweza kutoza nusu ya bei yako. Ukimfuata kwenye bei, itakubidi umfuate na kwenye kazi yenyewe. Tena friji nyingi mpya zinatumia R600a, gesi inayoshika moto, na mtu anayechomelea bomba kwa haraka ili awahi mteja mwingine anahatarisha nyumba ya watu.

Lakini kilichonikera zaidi ni simu. Mama Neema aliwapigia friza yake ilipokufa ikiwa imejaa sangara, akajibiwa na kijana wako kwamba fundi hayupo, kisha simu ikakatwa, na hakuna aliyempigia tena. Mama huyo ni mteja wetu tangu Baba alipofungua banda pale Kirumba! Hakwenda kwa yule wa Igoma kwa ajili ya unafuu, alikwenda kwa sababu yule alipokea simu, na samaki hawamngoji mtu.

Mteja akiuliza bei, usimtajie papo hapo. Muulize kwanza kama kompresa inanguruma, kama taa ya ndani inawaka, ni nani aliyeigusa friji mara ya mwisho na kama aliongeza gesi. Kwa maswali hayo atatambua kwamba anazungumza na mtu anayeijua kazi, nawe utajua ubebe vifaa gani. Kisha mtajie saa utakayofika pamoja na ada ya ukaguzi, ambayo utaikata kwenye malipo akikubali matengenezo. Mteja wa Ukerewe aongezewe nauli ya kivuko, naye aelezwe mapema. Wa Sengerema, sasa kwa kuwa daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, asiambiwe tena habari za foleni ya kivuko cha Busisi. Ukimaliza, mwandikie dhamana ya miezi mitatu. Mtu wa bei ya chini hathubutu kuiandika.

Huku sheria hairuhusu mtu kushughulikia gesi za friji kama R134a bila cheti maalumu, nami cheti hicho nimekipata, baada ya kufanya mtihani kwa Kiingereza pamoja na vijana waliozaliwa hapa. Mwambie Mama, na Baba Mdogo naye asikie. Siku ya matokeo nilitamani ningekuwa pale sokoni Mwaloni, nikila sato wa kukaanga kwa ugali wa udaga pamoja nanyi nyote, maana hapa nilirudi chumbani na sikuwa na wa kumwonyesha.

Nitakachokutumia ni pampu ya kunyonya hewa na mizani ya kupimia gesi, ili ujaze gramu zilezile zilizoandikwa kwenye kibandiko cha friji. Atavileta shemeji akija mwezi ujao.

Simu ya kazi ikae mfukoni mwako, na ukiwa juu ya kazi aishike Kulwa, mwenye lugha nzuri kwa watu. Mpigie Mama Neema leo, umkagulie friza yake bila ada, kisha Jumapili baada ya misa unieleze amesema nini.

Ndimi kaka yako,
Masanja