Amunike alipewa wiki 4 za FIFA, Cissé alipewa miaka 9

Mhariri,

Kila jina la mchezaji wa zamani linapotajwa kwa ukocha wa Taifa Stars, hoja ni ileile: kucheza alijua, kufundisha hajui. Mfano wa haraka ni Emmanuel Amunike, nyota wa zamani wa Nigeria aliyetufundisha 2018 hadi 2019. Naomba nafasi niupinge mfano huo, kwa sababu unatuficha tatizo lenyewe.

Turudi Kundi C la AFCON, fainali za Mataifa ya Afrika, 2019 nchini Misri. Kati ya mabenchi manne, matatu yaliongozwa na wanaume waliowahi kuvaa jezi za mataifa yao: Djamel Belmadi wa Algeria, Aliou Cissé wa Senegal, na Amunike wetu, aliyetamba na Nigeria. Belmadi akabeba kombe. Cissé akafungwa naye 1-0 kwenye fainali. Sisi tukapoteza zote tatu: 2-0 kwa Senegal, 3-2 kwa Kenya tulioongoza dhidi yao mara mbili, 3-0 kwa Algeria. Julai mwaka huohuo Amunike na TFF, shirikisho letu la soka, wakaachana.

Alikuwa amepewa kazi Agosti 2018. Kabla ya kambi ya Misri alipata wiki nne tu za FIFA, yaani vipindi ambavyo klabu huwaachia wachezaji waende timu za taifa: Septemba, Oktoba, Novemba na Machi. Wiki hizo zilikuwa za siku 9, ila siku za mazoezi ya kweli ni chache mno. Anayecheza Ulaya hucheza Jumapili, Jumatatu yuko kwenye ndege, Jumanne anakimbia taratibu kuondoa uchovu. Jumatano na Alhamisi ndizo za mbinu, maana Ijumaa ni mechi. Jumamosi ni safari tena, Jumapili mapumziko, na kabla ya mechi ya Jumanne inabaki siku moja. Jumla siku tatu. Zidisha kwa nne, unapata 12. Katika siku 12 kocha apange ukabaji wa kona, atafute nani wa kuziba nafasi beki wa pembeni akipanda, na afundishe kulinda bao timu ikiongoza. Hilo la mwisho ndilo huchelewa kuingia, kwa kuwa linahitaji wachezaji walewale wacheze pamoja mara nyingi. Mechi ya Kenya mimi naisoma hivyo.

Pamoja na hayo alitupeleka AFCON baada ya miaka 39. Alitoka sare Kampala, akapigwa 3-0 Cape Verde, akalipiza 2-0 Dar es Salaam, akateleza 1-0 Maseru, kisha Machi 24, 2019 akaifunga Uganda 3-0. Ndiyo, Uganda walikuwa wameshafuzu. Pointi ni pointi.

Sasa mtazame Cissé. Alikuwa nahodha wa Senegal mwaka 2002 na ndiye aliyekosa penalti ya mwisho kwenye fainali ya AFCON mbele ya Cameroon. Hakurushwa moja kwa moja kwenye timu ya wakubwa, alianza na vijana wa chini ya miaka 23, akapandishwa Machi 2015. Mwaka 2017 akatolewa robo fainali na Cameroon haohao kwa mikwaju ya penalti, wa mwisho akiukosa Sadio Mané. Hawakumtimua. Kombe la Dunia 2018 akatolewa kwa kadi: Senegal na Japan walilingana pointi, mabao, hata mechi yao wenyewe iliisha 2-2, lakini Senegal walikuwa na njano sita, Japan nne. Hawakumtimua. Akapoteza fainali ya 2019, akabaki.

Februari 6, 2022, Yaoundé, fainali na Misri. Dakika ya 7 Mané anapiga penalti, kipa Gabaski anaipangua. Dakika 120 zinaisha 0-0. Anayesimama kupiga mkwaju wa tano wa Senegal ni nani? Mané yuleyule. Akafunga, 4-2, kombe la kwanza la AFCON katika historia yao. Uamuzi wa namna hiyo hufanywa na kocha aliyekaa na mchezaji miaka saba na anayejua usiku wa kukosa penalti ulivyo. Senegal waliachana naye Oktoba 2024.

Fainali za 2027 tumepewa kuandaa pamoja na Kenya na Uganda, kwa hiyo presha ya nyumbani itakuwa kubwa kuliko ile ya Misri. Naiomba TFF mambo mawili. Mkataba wa kocha mkuu uandikwe kwa mashindano mawili ya AFCON, na tathmini ya kati iangalie mechi za kufuzu, si matokeo ya makundi peke yake. Pili, nyota wetu waliostaafu wenye leseni wapewe kwanza timu za vijana, wakae nazo miaka miwili au mitatu, ili siku nafasi ya wakubwa ikiwa wazi tuwe na mtu ambaye wachezaji wameshamzoea mazoezini.

Mpenzi wa Taifa Stars,
Temeke, Dar es Salaam