Heri ya Pasaka jamani, na habari za ile kuilti ya kanga za bibi

Heri ya Pasaka wapendwa wangu wote, wa Muheza, wa Tanga mjini, wa Dar, wa Mombasa, na nyie mliotawanyika kwenye nchi za watu. Bwana amefufuka, amefufuka kweli kweli. Na majirani zetu Waislamu mliotoka kula Idi juzi juzi, salamu zenu zimo humu humu, maana nyumbani kwetu sahani ya pilau ilikua inavuka ua pande zote mbili na sioni kwa nini salamu zisivuke.

Wengi mmekua mnaniuliza kuilti, lile shuka la viraka ninaloshona kwa kanga za marehemu bibi, imefika wapi, nikawa nawajibu "bado bado" maana nilikua nataka nije na habari ya kueleweka. Sasa ipo. Uso umekamilika wote, nimeshauweka juu ya pamba na bitana, nimepiga bandi, yani mishono mirefu ya kushikilia kwa muda, na saivi naishona kwa mkono, sindano moja, uzi mmoja, naanzia katikati naenda pembeni. Lazima uanze katikati, ukianza pembeni kitambaa kinasukumana kinajikusanya pale kati kinatoa matuta ambayo hata pasi haiyaondoi.

Kwa ambao hawajawahi kuiona hii kazi, kuilti ni lile shuka nene la viraka, yani unakata vitambaa vidogo vidogo unaviunganisha vinakua uso mmoja mkubwa, chini unaweka bitana, katikati pamba iliyotandazwa nyembamba, alafu unashona kupita matabaka yote matatu ili yasiachane, na ile mishono ya kuyashikilia ndo inayotoa michoro juu. Huku Kentucky, Marekani, watu wanaipenda mno hii kazi. Kuna mji unaitwa Paducah, magharibi kabisa ya hii jimbo kwenye mto Ohio, wana jumba zima la makumbusho la kuilti tangu 1991, na kila mwaka watu wanamiminika pale toka nchi nyingi kuja kuangalia tu mishono. Mi nilipofika hapa Lexington kwa mara ya kwanza nilidhani ni mambo ya mabibi wa kizungu waliostaafu, kisha nikaja kujua hadithi za wanawake weusi wa kusini mwa hii nchi, hapo ndo roho yangu ikaingia moja kwa moja.

Naomba niwasimulie mmoja. Missouri Pettway, wa Gee's Bend kule Alabama, kijiji kilichozungukwa na mto pande tatu, watu wake wengi ni wajukuu wa watumwa wa shamba moja la pamba na jina la Pettway ni la huyo mwenye shamba. Mumewe akafariki. Mwaka 1942 yule mama akachukua nguo za kazi za marehemu, masuruali na mashati ya shamba, yamechanikachanika, yamepauka magotini, akayakata akashona kuilti ajifunike nayo, kwa ajili ya kumkumbuka na kwa ajili ya mapenzi. Binti yake Arlonzia alikua bado msichana wakati huo, alimsaidia, na ndiye aliyekuja kuisimulia akiwa mtu mzima. Kuilti za kijiji kile zikaja kutundikwa kwenye majumba makubwa ya sanaa, Houston na New York mwaka 2002, lakini zilishonwa kwa sababu nyumba zilikua na nyufa na watoto walikua wanasikia baridi.

Sasa ndugu zangu, bibi alipoondoka tulifungua lile sanduku mnajua wenyewe kulikua na nini. Doti na doti za kanga, zingine hata hazijakatwa katikati. Kisutu chake cha harusi, chekundu cheusi cheupe, kimelainika mpaka unaona mwanga unapita. Tulivyogawana mi nikabeba zangu nikaja nazo huku nikaziweka kabatini, nafungua nanusa nafunga. Na najua wengi wenu mmefanya hivyo hivyo. Nawaambia kwa mapenzi yote, kanga za bibi hazitakiwi kukaa kabatini zikaliwa na nondo. Bibi hakua mtu wa kuweka kitu bila kazi, kanga ikichakaa alibebea mtoto, ikizidi kuchakaa akafunikia unga, ikiisha kabisa akadekia. Kuiweka tu hivi hivi mi naona sio kumheshimu.

Ndo nikakata. Nilianza na kuziloweka kila moja kivyake kwenye maji maana kanga mnaijua kwa kuchuja rangi, nyekundu ikigusana na nyeupe ikiwa mbichi imekwisha. Alafu pasi. Kisha vipande vya mraba vya inchi tano tano, na kwenye kuunganisha unaacha robo inchi ya mshono kila upande, hapo ndo hakuna mchezo, ukizidisha kidogo tu kwenye kila kipande ukifika mwisho wa safu pembe hazikutani. Kanga nyembamba inateleza kwenye cherehani kuliko vitambaa wanavyotumia huku, kwa hiyo ninazishonea taratibu na sindano nyembamba. Pindo nikazikata marefu nikazungushia pembeni, mji, ile sehemu ya kati ya kanga, ndo umetoa viraka vya katikati. Na majina sikukata hata moja! Hapo niligoma kabisa. Kila jina nimelitoa zima kama utepe, NANI KAMA MAMA iko safu ya juu, WEMA HAUOZI iko chini kidogo, ukijifunika unasoma. Kisutu nimekiweka katikati kabisa, na nyuma yake nilibandika kwanza kitambaa chepesi cha kukibeba maana peke yake kisingehimili sindano.

Kwenye baridi nilikua nakata na kuunganisha, dirishani hakuna kitu, miti mitupu, saa kumi na mbili jioni giza. Hii ya mkono imeniangukia majira ya kuchipua na kwa kweli sikupanga ila nashukuru mno. Cherehani inakutaka uangalie sindano tu, ukihamisha macho kidole kimekwenda. Mkono unakuacha uinue kichwa. Navaa subana, nashona mistari miwili mitatu, naangalia nje, narudi. Na chumba changu cha kushonea kina dirisha linaloangalia uwani kwa hiyo mwaka huu kila mmea umeingia nikiuona.

Ya kwanza ilikua forsithia, kichaka cha uani kwa jirani, kinatoa maua ya njano matupu bila jani hata moja. Kisha maua ya dafodili. Hizi nilizipanda mwenyewe mwezi wa kumi mwaka jana, vitunguu vyake, yani mizizi yake ya duara, unavifukia kabla ardhi haijaganda, na lazima vipigwe na baridi wiki nyingi ndo vichanue, tulipu ndo hivyo hivyo, ndo maana hata ukilibeba begi zima ukalipanda Tanga bila kuviweka kwanza kwenye friji hutaona ua la maana. Kuchakuro wa hapa wanafukua tulipu wanakula lakini dafodili hawazigusi maana zina sumu, kwa hiyo mwenye kuanza bustani huku aanze na dafodili.

Alafu redibadi! Jamani mti huu. Maua yake ya zambarau iliyochanganyika na pinki yanatoka kwenye matawi makavu, mengine yanatoka kwenye shina lenyewe la mti, majani bado kabisa. Nilipokuja kujua ni wa ukoo wa maharage, mkwaju na mkrismasi wetu nilicheka kwa furaha, na ukingoja kidogo utaona maganda yake ya mbegu yananing'inia kama kunde. Yani nyumbani ukoo huu unatupa mti mwekundu wa Krismasi, huku unatupa mti wa Pasaka. Kanisani leo tumeshavua zambarau ya Kwaresima tumetandika nyeupe, ila uani kwangu zambarau bado iko mtini na nyeupe ndo inajiandaa, maana zamu inayofuata ni ya doguudi, na saivi chipukizi zake bado zimefumba, viduara vidogo vya kijivu. Zikifunguka zinakua nyeupe, pande nne zenye alama ya kahawia kwenye ncha, na Wakristo wa huku wana masimulizi ya zamani kwamba msalaba ulichongwa kwenye mti huo na zile alama ni za misumari. Ni hadithi tu, doguudi hii ni ya Marekani haikuwepo Yerusalemu, lakini mi naipenda, watu waliangalia mti wa uani kwao wakauona msalaba.

Wazee wa hapa pia wana kitu kizuri sana, baridi inayorudi ghafla wakati wa kuchipua wameipa majina ya maua, kuna baridi ya redibadi, kuna baridi ya doguudi, ikija mwezi wa tano ni baridi ya blakberi. Kwa hiyo koti usilifungie. Na mchicha wangu wameniambia nisiusie mpaka zile mbio kubwa za farasi za Louisville zipite, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano, na mi natii. Nyinyi huko saivi ni masika, mahindi yapo shambani, njia ya kwenda kanisani tope mpaka kwenye vifundo na vitoto vimevaa viatu vipya vimebebwa mgongoni visichafuke. Nimeyakumbuka hayo wiki nzima hii.

Kwa kua ni Pasaka niwape na huyu mwingine. Harriet Powers, alizaliwa utumwani Georgia mwaka 1837, na mwaka 1886 kuilti yake ya Biblia ikaonekana kwenye maonyesho kule Athens, Georgia. Alikata watu na wanyama kwenye vitambaa akawashonea juu, Adamu na Hawa, ndoto ya Yakobo, Yuda na vipande vyake thelathini, karamu ya mwisho, Yesu msalabani. Mwalimu mmoja wa sanaa aliitaka, mama akakataa kuuza. Miaka ikapita hali ikawa mbaya, akaiuza dola tano, na baada ya hapo alikua anakwenda kwa yule mwalimu kuitembelea. Iko Washington sasa kwenye makumbusho ya taifa. Kila nikifika Ijumaa Kuu namfikiria yule mama anavyopanga mkasi wake kuukata msalaba kwenye kitambaa, wengi walisema hajui kusoma kumbe alijua, na Injili yote aliishika mkononi.

Mungu akipenda naimaliza kabla baridi haijarudi, imebaki robo ya mishono na ukingo wa kuzungushia, na ikiisha haikai ukutani, inakwenda kitandani kwa binti yangu, atalala chini ya kanga za mama wa nyanya yake na ataichafua na nitaifua. Mama mkubwa, Mungu akupe nafuu ya miguu, tumekuombea kwenye mkesha. Shemeji hongera kwa mtoto. Wajomba wa Mombasa kuleni vizuri. Na shangazi, kile kipande cha leso ya kijani ulichosema unacho, nimekiachia nafasi kwenye kona ya chini kulia, mpe tu mtu yeyote anayepanda ndege kuja huku.